Vikao vya miwani vya kutuliza moyo pale Tudor: kipi uende, kipi uruke

Niseme mapema ili asiye na nafasi ya kusoma yote aujue msimamo wangu: huduma hii naipendekeza, ila si kila kikao chao, wala si kwa kila mtu.

Chumba chenyewe kiko Tudor, hapa Mombasa, chini ya nyumba ya ghorofa, mlango uko upande wa nyuma penye mwarobaini. Jina lao nimeliacha kusudi. Ni watu watatu tu, wameanza karibuni, na nina lawama za kuwatolea ambazo naamini watazirekebisha. Wanachouza ni vikao vya kutuliza moyo kwa miwani ya uhalisia pepe: unakaa kitini, unavishwa miwani, na kwa robo saa hivi unakuwa ufuoni, au chini ya maji, au popote walipokuandalia. Kikao kizima ni dakika 40, bei shilingi 1,500, unalipa kwa M-Pesa ukishamaliza. Zile dakika 25 zinazobaki nje ya miwani zina kazi yake, na kwangu mimi ndizo zenye thamani zaidi. Nitazifikia.

Mimi ni muuguzi. Nilikaa wodini miaka mingi, sasa nahudumia wagonjwa majumbani, wengi wao wazee wa Kuze, Kibokoni na Makadara. Vidonda, presha, sukari, kiharusi. Lakini ninaowaona sana, na ambao hakuna faili linalowaandika, ni wale wanaouguza: binti aliyeacha kazi ili amtunze mamake, mke ambaye hajalala usiku mzima tangu mumewe aanguke. Ukimwuliza hali atakwambia "alhamdulillahi" na huku mikono inamtetemeka. Kwa hivyo niliposikia kuna watu hapa mjini wanasema wanaweza kumpumzisha mtu wa namna hii, nilikwenda kama mteja, nami nikiwa na haja yangu. Dadangu mkubwa alifariki wakati wa masika, na tangu hapo usingizi ulikuwa ukinikimbia kabla ya alfajiri.

Unapofika huvishwi kitu mara moja. Mshauri nasaha, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, anakukalisha kwenye kochi na kukuuliza. Una kifafa? Una mimba? Ukipanda matatu ukakaa kiti cha nyuma, moyo unakuchafuka? Umewahi kusikia sauti ambazo wenzako hawazisikii? Halafu akaniuliza: bahari unaipenda, au inakutia hofu?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwaamini. Sisi watu wa pwani tunachukulia kwamba kila mtu hutulia akiona maji, na hapa mjini kuna kina mama ambao bahari imewachukulia watoto. Umvishe miwani mama kama huyo, umfumbulie ufuo bila kumwuliza, umemrudisha pale pale alipopata msiba wake, tena hana pa kugeuzia uso, maana kila anapotazama ni maji.

Miwani wanayotumia ni Meta Quest 3S, ile iliyotoka Oktoba 2024 na kuuzwa Marekani kwa dola 299. Ina uzito wa gramu 514, nusu kilo na kidogo, na mtu mwenye shingo mbovu atauhisi. Kijana wao fundi alinipima kwa rula umbali kati ya mboni zangu mbili, kisha akasogeza lenzi. Zina sehemu tatu tu za kukaa, milimita 58, 63 na 68. Jambo dogo, lakini lenzi zisipokaa sawa picha inakuwa na ukungu, macho yanachoka, kichwa kinauma, na mtu anaondoka akidhani ni yeye ambaye moyo wake haukubali kutulia.

Sasa kwa sisi tunaojifunga mtandio. Mkanda wa nyuma unateleza juu ya kitambaa laini, na ukiukaza, pini zinakuchoma kichwani. Wamelifikiria hilo. Mlango unafungwa kwa ndani, kijana anatoka nje, mama anakuvalisha, na wana kofia za pamba za kuvaa chini ya mkanda, zinafuliwa kila siku. Ukitaka kubaki na mtandio wako, wanakupa kofia uivae juu yake na mkanda unashika vizuri. Sehemu inayogusa uso ni ya silikoni, na niliwaona wakiipangusa kwa dawa kisha kuweka kitambaa kipya cha karatasi. Kwa joto la Mombasa na jasho letu hilo ni la lazima. Mnamo Julai 2021 sponji za uso za miwani ya Quest 2, kama milioni nne hivi, zilirudishwa huko Marekani baada ya watu kulalamika ngozi kuwashwa na kuvimba. Mwenye ngozi nyepesi asione haya kuuliza.

Kikao nilichokipenda kuliko vyote ni cha pumzi. Unakaa kitini, na rimoti moja wanakufunga tumboni kwa leso. Leso hasa, iliyokunjwa. Ndani ya miwani uko chini ya maji ya kina kifupi, jua linapenya kutoka juu, matumbawe chini, samaki wachache. Rimoti inahisi tumbo linavyopanda na kushuka. Ukivuta pumzi unainuka polepole. Ukiitoa unashuka polepole, kama ngalawa iliyotiwa nanga wimbi linapopita chini yake. Hakuna sauti ya mtu, hakuna alama za kushinda, hakuna saa inayohesabu. Ukipumua haraka unainuka na kushuka kidogo tu. Ukipumua kwa tumbo na kwa utaratibu, unakwenda juu zaidi na kuona mbali zaidi. Mwili unajifunza wenyewe bila kuambiwa.

Wazo hilo si lao, na hawakulificha. Owen Harris na Niki Smit walitengeneza mchezo uitwao Deep, unaochezwa kwa kuvaa mkanda unaopima kutanuka kwa kiwambo, ule msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wameutumia katika kazi yao na vijana wenye wasiwasi. Siri yake sisi wauguzi tunaijua: mtu akipumua kama mara sita kwa dakika na kuirefusha pumzi ya kutoka, neva ya vagasi, ile inayotoka ubongoni kwenda moyoni, inaupunguza moyo mwendo. Tatizo ni kwamba mwenye wasiwasi ukimwambia "pumua polepole" anazidi kubanwa, kwa sababu sasa ana jambo jingine la kushindwa. Pale chini ya maji hakuna wa kumwambia. Nilikuwa nimevaa kidoleni kile kipimo changu cha mapigo, nikamwomba mama anisomee. Nilianza na 94, nikamaliza na 78.

Katikati nililia. Nilimkumbuka dadangu alivyokuwa akitupeleka kuokota chaza utotoni, na pumzi ikanivurugika. Maji hayakubadilika. Hakuna kilichogeuka chekundu, hakuna kengele. Nilipotulia nikaanza kuinuka tena. Baadaye kijana aliniambia kwamba mwanzo aliweka mwanga uwe mwekundu mtu akipumua kwa kasi, mteja mmoja akashikwa na hofu akaivua miwani, na siku hiyo hiyo akauondoa ule mwanga. Fundi anayesikiliza hivyo ninamheshimu.

Kikao cha msitu kirukeni.

Ni programu waliyoinunua, ya nchi za baridi: misonobari, theluji, na sauti ya mwanamke akizungumza Kiingereza cha haraka, akikuamuru uachilie mawazo yako yote. Huo si ubaya mkubwa. Ubaya ni kwamba baada ya muda inakunyanyua na kukurusha juu ya bonde. Macho yanauambia mwili unaruka. Sikio la ndani, lenye kazi ya kuhisi mwendo, linasema uko kitini Tudor na hujasogea hata inchi moja. Viungo hivyo viwili vikipingana, tumbo ndilo linaloumia. Nilitoka jasho, mate yakanijaa kinywani, nikaivua.

Mwenye afya atasema ni kizunguzungu tu, kitapita. Lakini fikiria nani anakuja pale. Anayesumbuliwa na mashambulio ya hofu anajua dalili zake: jasho, moyo mbio, kichefuchefu, kuhisi ardhi haimshiki. Hizo ndizo anazozikimbia usiku na mchana. Umeketi naye, umemwahidi utulivu, kisha umempa dalili zile zile kwa mashine. Hawezi kujua ni miwani au ni ugonjwa wake umerudi. Kwangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote ambalo mtengenezaji wa vitu hivi anaweza kulifanya, na kuliepuka kunajulikana: upeo wa macho usitikisike, mtu aone kitu thabiti karibu na miguu yake, na akihamishwa, picha ifunikwe giza kidogo kisha ifumbuke mahali papya badala ya kumburura. Na picha zibadilike kwa kasi isiyopungua 72 kwa sekunde. Kile cha msitu kilikuwa kikikwamakwama.

Siisemi misitu ya wageni vibaya. Wauguzi wengi tunaujua utafiti wa Roger Ulrich uliochapishwa 1984: wagonjwa 46 waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, nusu yao dirisha lao likitazama miti, nusu likitazama ukuta wa matofali. Wa miti walirudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Ila wale wagonjwa walitazama miti walipotaka na kugeuka ukutani walipotaka. Hakuna aliyewabeba kuwazungusha juu ya matawi.

Tena kuna maumivu yanayotaka kitu tofauti kabisa. Mwaka 1996 Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kuwavisha miwani wagonjwa walioungua kwa moto wakati wa kusafishwa vidonda. Baadaye waliwatengenezea ndani yake bonde la barafu, na mgonjwa kazi yake ni kurusha mipira ya theluji. Nimebadilisha bandeji za watoto waliomwagikiwa uji na chai, na najua kwa nini hiyo inafaa: pale unataka akili ya mtoto itekwe nzima nzima, isibaki hata chembe ya kutazama mkono wako. Mfiwa hahitaji kutekwa. Ameshatekwa. Wanaouza kitu kimoja kwa wote wawili hawajakaa na mmoja wao.

Kikao cha tatu wamekirekodi wenyewe Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari hapa mjini, alfajiri, kwa kamera inayochukua pande zote. Mibuyu, ukuta, meli ikiingia mlango wa Kilindini, kunguru, na sauti ya mama wa hapa hapa anayesema maneno machache kwa Kiswahili chetu kisha ananyamaza. Hii ni video, kwa hivyo unaweza kugeuza kichwa kote lakini ukiinama mbele dunia yote inakuja nawe, na ndiyo maana wanakuomba uegemee kiti. Kamera waliiweka kimo cha mtu aliyekaa. Ningekuwa mimi nisingelifikiria hilo, lakini ukiwekewa macho ya mtu aliyesimama na mwili wako umekaa, unajihisi unaelea.

Kwenye kikao hicho nilimpeleka shangazi yangu. Amepita miaka sabini, anaishi ghorofa ya tatu Kibokoni, magoti yamekataa ngazi, na bahari iliyo umbali wa kutupa jiwe anaisikia tu harufu yake. Kumteremsha kulihitaji wapwa wawili na tuktuk mlangoni. Alivalishwa, akanyamaza, kisha akasema, "Hii si Mama Ngina hii? Ule mbuyu naujua." Akawa anageuka huku na huku, uso umemfunguka. Nilifurahi mno.

Kisha kwenye video akapita mvuvi na ndoo yake, karibu kabisa. Shangazi akamwamkia, "Hujambo, mwanangu?" Mvuvi akapita. Akaja kijana anayekimbia mazoezi. "Hujambo, baba?" Naye akapita. Shangazi akanyamaza, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona hawaniitikii? Kwani hawanioni?"

Mama mshauri alimshika mkono pale pale. "Niko hapa, Shangazi. Hiyo ni picha tu, hawasikii. Ukitaka kuivua, ivue." Shangazi akaivua mwenyewe, kwa mikono yake miwili, muda wake haujafika nusu.

Mwanamke mzee aliyeishi maisha yake yote katika mji ambao hupiti mtu bila salamu, umemweka barabarani na kumfanya asiyeonekana. Tena ni mtu ambaye nyumbani tayari anahisi amesahaulika ghorofani. Nilimweleza kijana, akaandika. Anasema watarekodi upya, ama pasiwe na mtu wa karibu, ama muuza madafu ageuke kwenye kamera aseme "Shikamoo, mama" na kusubiri kidogo kabla ya kupita. Huko kusubiri ndiko muhimu. Ningependa kila anayetengeneza vitu hivi kwa watu wa pwani alijue hili kabla ya kununua kamera: mandhari yetu ni watu kwanza, mibuyu baadaye.

Na hapa ndipo zile dakika 25 zinapoingia. Walimletea shangazi chai ya tangawizi. Hakuna aliyemharakisha. Mama mshauri aliuliza tu, "Ule mbuyu uliujuaje?" Shangazi akaanza kueleza jinsi marehemu mumewe, aliyekuwa kuli bandarini, alivyokuwa akimpitisha pale jioni za Ijumaa wakiwa wachanga, na akaendelea mpaka akafika siku ya kifo chake, mambo ambayo mimi sijawahi kuyasikia. Alilia, akacheka, akaomba vibibi. Ile robo saa ya miwani, tena iliyoharibika katikati, ndiyo iliyomfungua. Lakini angefunguliwa kisha akaambiwa asante, mteja mwingine anangoja, angerudi Kibokoni hali yake mbaya kuliko alivyokuja. Mtu mwenye miwani yake nyumbani anaweza kununua picha nzuri kuliko zao. Huyu mama wa kuuliza swali moja na kunyamaza hapatikani dukani.

Kuna kikao kingine sikukifanya mimi. Amekifanya jirani yangu, fundi cherehani, na ameniruhusu nikieleze. Anaogopa feri tangu utotoni, na kazi amepata Likoni, ng'ambo ya kivuko. Kila siku alikuwa akizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, nauli na masaa yakimwishia njiani. Pale Tudor wamerekodi uvukaji mzima kwa ngazi: unaiona feri kwa mbali, uko kwenye mteremko, uko mlangoni, uko ndani umekaa, uko ndani umesimama, watu wamejaa. Anakaa kwenye ngazi moja mpaka hofu yake, anayoitaja mwenyewe kwa namba toka sifuri hadi kumi, ishuke, na ni yeye anayesema twende mbele.

Njia hii ina umri. Barbara Rothbaum na wenzake walichapisha majaribio yake Marekani mwaka 1995, kwa watu wanaoogopa vimo. Mwaka 2018 kundi la Daniel Freeman wa Oxford likachapisha jaribio la watu 100 wenye hofu hiyo. Waliopewa miwani, wakiongozwa na mshauri wa kuchorwa tu ndani yake, hofu yao ilipungua kwa wastani wa kama thuluthi mbili. Jirani yangu hakuachiwa mshauri wa kuchorwa. Alipofika ngazi ya mwisho, mama alikwenda naye kwenye feri yenyewe wakavuka pamoja. Siku hizi anavuka asubuhi peke yake. Jioni, umati ukizidi, bado anazunguka. Kwa shilingi 1,500 kila kikao amelipa pesa nyingi, lakini kwa hesabu yake nauli ya Dongo Kundu ilishaanza kuzila.

Lawama sasa. Fomu ya ridhaa niliyosainishwa ni kurasa tatu za Kiingereza. Shangazi angewekaje kidole kwenye kitu asichokisoma? Na si fomu ya kupuuza. Miwani hii inafuatilia kichwa na mikono muda wote. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2020, kwa watu 511, kwamba mashine inaweza kumtambua mtu mmoja mmoja kwa usahihi wa asilimia 95 kwa kutazama tu mienendo yake kwa chini ya dakika tano. Ongeza hapo kwamba pale mtu anataja msiba wake na ugonjwa wake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Walinijibu kwamba hawahifadhi rekodi za vikao na kwamba majina ya wateja hayaingizwi kwenye miwani. Naamini, lakini nataka liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kabla ya saini.

Stima ilipotea tukiwa mle na feni ikasimama. Miwani ilikuwa ikiendelea kwa betri yake, ila chumba kisicho na upepo wakati wa kaskazi hakikaliki ukiwa umefunikwa uso. Wanunue feni ya betri.

Kubwa kuliko hayo: hawaendi majumbani. Kifaa chao kinaingia kwenye mkoba, betri inakaa saa mbili na zaidi, na kile kikao cha pumzi hakihitaji hata intaneti. Wanaokihitaji zaidi ndio wasioweza kushuka ngazi, na wale wanaowauguza ambao hawawezi kumwacha mgonjwa kwa saa nzima. Kule Marekani programu ya AppliedVR ya maumivu sugu ya mgongo, iliyoidhinishwa na FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa vya tiba, Novemba 2021, imepangwa kufanyika nyumbani kwa mgonjwa, kikao kifupi kila siku kwa wiki 8. Basi inawezekana. Nimewaambia niko tayari kuwazungusha Kuze na Kibokoni kwa wagonjwa wangu, niwatambulishe kwa wenye nyumba, waanze na nyumba chache. Mama amekubali kwa moyo wake wote. Mwenye mtaji bado anapiga hesabu, nami nitamfuata mpaka amalize hesabu zake.

Wako watakaoniuliza kwa nini ulipe kutazama Mama Ngina wakati yenyewe iko pale, bure. Unayeweza kutembea na moyo wako hauna jeraha la bahari, nenda, kaa ukutani, kula muhogo wa kuchoma, huna haja ya miwani. Mwenye kifafa asiende. Anayesikia sauti, au aliyefikia kutaka kujidhuru, mahali pake ni hospitalini, kwa daktari, kama kile kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz, na mama mshauri mwenyewe anawarudisha watu wa namna hiyo huko bila kuwatoza kitu. Watoto wadogo pia hapana.

Ukiamua kwenda, piga simu kwanza. Jumanne na Alhamisi asubuhi ni za wanawake pekee. Omba kikao cha pumzi, sema wazi hutaki cha msitu. Usile ukashiba kabla. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali waambie, wana kipande cha kuongeza nafasi ili lenzi zisikwaruzane. Chukua mtu wa kukurudisha nyumbani ile mara ya kwanza. Na wakikuletea fomu ya Kiingereza, waombe wakusomee kwa Kiswahili mstari kwa mstari, hata kama unakijua Kiingereza, mpaka wachoke na kuitafsiri.